Kushirikishwa na Kusikika: Wakazi Wenye Usonji, Walezi Wao na Mipango ya Halmashauri katika Kisiwa cha Chole

Kitenzi shirikisha kina nafasi kubwa katika lugha ya utawala nchini Tanzania, na kwa sababu hiyo kimezoeleka mno hata maana yake haichunguzwi tena. Shina lake, shiriki, halihitaji msukumo wa mtu mwingine: mtu hushiriki arusi, msiba au kazi ya shamba kwa kuwa amefika na mkono wake umo. Shina hilo linapotiwa kauli ya kutendesha, hupatikana mtendaji anayewafanya wengine washiriki. Linapoongezewa kauli ya kutendwa, mtendaji huyo hutoweka na hubaki watendwa peke yao. Ndiyo maana taarifa ya halmashauri huweza kuandika kwamba wananchi "walishirikishwa" pasipo kumtaja aliyewashirikisha, alilowauliza, wala kilichobadilika baada ya wao kujibu. Makala haya yanakipeleka kitenzi hicho mahali kinapojaribiwa kuliko pengine popote: kwa mkazi mwenye usonji wa kisiwa kidogo, na kwa wale wanaomlea. Yanashikilia kwamba kikwazo kikubwa si uchache wa sheria, bali ni umbo la mkutano wenyewe, ambao humkubali mtu kuwa mshiriki pale tu anapoweza kusema kwa ufasaha mbele za watu.

Chole ni kisiwa kilichomo katika ghuba inayobeba jina lake, baina ya kisiwa kikuu cha Mafia na kisiwa cha Juani. Eneo lake ni dogo, la kuzungukwa kwa miguu, na wakazi wake ni elfu moja hivi. Kiutawala kimo katika Kata ya Jibondo, kata ambayo yenyewe imetawanyika visiwani, na makao ya wilaya yako Kilindoni. Mtu wa Chole mwenye haja na halmashauri huvuka kwa chombo hadi Utende, kisha hushika njia ya kilomita zipatazo 15 kuelekea Kilindoni. Haikuwa hivyo daima. Enzi za Waarabu wa Omani na katika miaka ya awali ya utawala wa Wajerumani, Chole ndiko kulikokuwa na makao ya utawala wa Mafia, na magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti yangaliko. Makao hayo yalihamishiwa Kilindoni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tangu hapo mamlaka imekuwa kitu cha kufuatwa ng'ambo ya maji.

Kisiwa hiki pia kina kumbukumbu yake ya kushirikishwa. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikatangazwa, ya kwanza ya aina yake nchini. Chole imo ndani ya mipaka yake. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyefanya utafiti Chole katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake, Rough Waters, mwaka 2004, ameonyesha kwamba wakazi wengi waliipokea hifadhi kwa matumaini, hasa kwa vile wavuvi wa baruti walikuwa wakiiharibu miamba. Ushirikishwaji ulikuwa ahadi iliyotangulizwa mbele. Baadaye ahadi hiyohiyo ikawa chanzo cha manung'uniko, kwa kuwa waliokuwa wameambiwa kwamba hifadhi ni yao waliona maamuzi yakifanyika kwingine. Kitabu hicho hakihusu ulemavu hata kidogo. Lakini msomaji anayekisoma kwa swali hili akilini ataona jambo moja waziwazi: ikiwa wavuvi wazima, wasemaji hodari, wenye hoja zao na wazee wao, waliweza kuhudhuria mkutano baada ya mkutano na bado wakahisi kwamba hawakusikika, basi hali ya yule asiyeweza hata kuketi mkutanoni haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Tiba ya Magharibi iliupa jina lake la leo kwa maandishi ya Leo Kanner ya mwaka 1943, na katika Kiswahili istilahi yake ingali changa. Tanzania imeshika usonji. Nchini Kenya husikika pia tawahudi, neno lililotoholewa kutoka Kiarabu, lenye mzizi uleule wa umoja na upekee unaozaa tauhidi. Ukaribu huo si jambo dogo katika pwani ya Kiislamu: mama aliyesoma chuoni, akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe ana tawahudi, yamkini atadhani anasikia habari ya elimu ya dini. Usonji nao, ingawa haumchanganyi, haumwambii chochote mpaka aelezwe.

Maneno aliyo nayo tayari ni mengine. Kiswahili kina bubu, zuzu, punguani na taahira, na kila moja limebeba hukumu yake. Wanaisimu wamekwisha kujadili jinsi ngeli ya KI-VI ilivyokusanya kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, na mjadala huo hauna haja ya kurudiwa hapa. Inatosha kutambua kwamba mtu mwenye usonji hakupewa hata nafasi katika ngeli hiyo. Akiwa hasemi, aliitwa bubu. Akiwa anasema lakini hasomeki, aliitwa zuzu. Akiwa anapiga kelele sokoni, alihesabiwa kuwa na pepo au kuwa amedeka. Hivyo mtendaji wa kijiji anayepita nyumba hadi nyumba na kuuliza, "Hapa kuna mwenye usonji?" atajibiwa kwamba hayupo, na atakuwa amejibiwa kwa ukweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo pekee, kijiji cha watu elfu moja kingetarajiwa kuwa na watu saba au wanane. Rejista isiyo na hata mmoja haithibitishi kwamba hawapo; huenda inathibitisha tu kwamba swali liliulizwa kwa neno lisilo la wenyeji.

Swali bora lingeulizwa kwa maelezo badala ya jina. Je, nyumbani yumo mtu asiyeitika aitwapo ilhali masikio yake ni mazima? Yumo anayeziba masikio adhana ikianza kwa kipaza sauti? Anayekula chakula cha aina moja tu, anayevurugika ratiba ya siku ikibadilika, anayerudia maneno ya wenzake kama mwangwi? Maswali ya namna hii hayahitaji istilahi, na walezi hujibu bila aibu kwa kuwa hawajaombwa kumtia mtoto wao katika fungu lenye jina baya. Ujuzi wa walezi umekuwa msingi wa maarifa ya kitabibu pia. Mankoski na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2006 kuhusu watoto wenye usonji wa Tanzania, walieleza kwamba kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali. Mpangilio wa matukio kama huo hauwezi kujulikana isipokuwa kwa kumsikiliza aliyekuwa na mtoto usiku na mchana.

Kwa upande wa sheria, nchi haina upungufu wa kusikitikiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, miaka mitatu baada ya kupitishwa kwake. Ibara ya 4 ya mkataba huo inazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, watoto wakiwamo, katika mambo yanayowahusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ikafuata, nayo inaweka kamati za watu wenye ulemavu katika ngazi za serikali za mitaa, hadi kijijini. Kwa karatasi, basi, Chole ina kiti cha mtu mwenye ulemavu. Lakini kiti kimoja hukaliwa na mtu mmoja, na ni kawaida kikaliwe na yule ambaye ulemavu wake unaonekana kwa macho na ambaye ulimi wake hauna shida. Hilo halimpunguzii haki aliyekikalia. Lina maana tu kwamba mwenye mguu mmoja haelezi mambo ya mwenye usonji, sawa na mvuvi asivyoeleza mambo ya mfuma mikeka.

Tatizo lenyewe limo katika mkutano. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria huwajumuisha wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ni taasisi ya kujivunia; nchi nyingi hazina baraza linalomweka kila mtu mzima mbele ya viongozi wake mara nne kwa mwaka. Hata hivyo, mkutano ni fani ya maneno yenye kanuni zake. Msemaji husimama, huomba ruhusa, huanza kwa salamu na sifa kwa waliotangulia, huizunguka hoja yake kwa methali, na akiwa na jambo zito hulifumba ili asimvunjie mkubwa heshima. Ufasaha wa pwani umejengwa juu ya fumbo. Sasa mtu mwenye usonji, hata yule anayesema vizuri, kwa kawaida huyachukua maneno kama yalivyo. Haoni sababu ya kuzunguka. Akiulizwa kama zahanati inamfaa, atasema haimfai na atataja ni nani aliyemkaripia, mbele ya huyohuyo aliyemkaripia. Mkutano utacheka au utakasirika, na mwenyekiti atamwomba mlezi amketishe. Hapo ndipo ushahidi wenye thamani kuliko wote uliotolewa siku hiyo unapofutwa, kwa kuwa umekosa adabu ya kuuvika.

Asiyesema kabisa ana hali ngumu zaidi. Muhtasari wa mkutano hauna mahali pa kuandikia ishara, ukimya, kukimbia, au mkono unaomvuta mtu kuelekea mlangoni. Lakini hivyo vyote ni kauli. Kijana anayekataa kupanda chombo kila apelekwapo Kilindoni ametoa maoni kuhusu huduma iliyowekwa Kilindoni, na maoni hayo ni wazi kuliko mengi yanayosemwa kwa mdomo. Halmashauri inayodai kumshirikisha ingepaswa kuwa na mtu anayejua kuyasoma, au angalau anayejua kumwuliza mlezi: akifanya hivi, huwa anasema nini?

Kuna hatari nyingine hapa, nayo ni Ibara ya 5 ya Katiba, ambayo inaruhusu Bunge kuweka masharti yanayoweza kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Usonji si ugonjwa wa akili. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, mstari huo haupo, na mtu mzima mwenye usonji aliyezoea kuitwa mwendawazimu yuko karibu sana na kunyimwa, kwa mazoea tu na bila amri ya mahakama, kile ambacho sheria haikumnyima.

Kuhusu walezi, fomu za serikali hupenda umoja: jina la mlezi, sahihi ya mlezi. Yeyote aliyezisoma kazi za Pat Caplan, ambaye tangu mwaka 1965 ameandika juu ya kijiji cha kaskazini mwa Mafia, anajua kwamba ukoo huko hufuatwa kwa upande wa baba na wa mama pia, na kwamba watoto huhama baina ya nyumba za ndugu bila jambo hilo kuhesabiwa kuwa msiba. Mtoto anaweza kulishwa na mama, kulala kwa bibi, na kutulizwa na mjomba peke yake. Kumwita mzazi mmoja na kumwandika kuwa ndiye mlezi ni kuliacha nje duara la watu ambalo ndilo msaada wenyewe uliopo. Wengi katika duara hilo ni wanawake, na saa zao haziongozwi na kalenda ya halmashauri. Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama na ukipevuka, maji yakikauka sana, wako miambani wakitafuta pweza. Mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi ya siku kama hiyo umekwisha kuchagua ni nani atakayesikika, hata kama aliyeuitisha hakukusudia.

Pamoja na hayo, mlezi si mdomo wa anayelelewa. Jambo hili limeleta mvutano mkubwa katika nchi nyingine. Nchini Marekani, Jim Sinclair, mwenye usonji yeye mwenyewe, aliandika mwaka 1993 kuwapinga wazazi wanaouombolezea usonji wa watoto wao kana kwamba wamefiwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba uliotajwa ilitoa ufafanuzi mwaka 2018, ikikiri umuhimu wa vyama vya ndugu na walezi lakini ikisisitiza kwamba kazi yao ni kumsaidia mwenye ulemavu apate sauti yake, si kuichukua nafasi yake. Baadhi ya wasomi wa Afrika Mashariki wanaliona hilo kuwa fikra ya kigeni, inayomtenga mtu na jamaa zake. Pingamizi hilo lina uzito wake, kwani Chole hakuna huduma itakayosimama bila jamaa. Lakini hata jamaa moja ina haja mbili. Mama anayeomba mlango wenye kufuli ili aweze kwenda pwani anasema kweli, na kijana anayependa kushinda ufukweni anasema kweli pia. Kazi ya halmashauri ni kuzisikia zote mbili na kutofanya ya kwanza iwe jibu la ya pili.

Mfano huo wa ufukwe si wa kubuniwa kwa ajili ya hoja tu. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Utafiti wa Guan na Li uliochapishwa mwaka 2017 nchini Marekani ulikuta kwamba miongoni mwa watoto walio chini ya miaka 15, wenye usonji walikuwa katika hatari ya kufa kwa kuzama mara 160 kuliko watoto kwa jumla. Marekani ni bara, na hatari huko mara nyingi ni bwawa au kidimbwi cha karibu. Chole imezungukwa na bahari pande zote, maji yake hupwa na kujaa kwa nguvu, na mikoko yake humficha mtoto upesi. Mpango wa huduma kwa watu wenye usonji ukiandikwa Kilindoni au Dodoma utaanza na darasa, kama vile kitengo cha usonji kilichopo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na hakuna anayeweza kulaumu hilo. Ukiandikwa Chole, kwa midomo ya wanaoamka usiku kusikiliza kama mlango umefunguka, huenda ukaanza na kuogelea: nani amfundishe mtoto huyu, na wavuvi wa gatini waambiwe nini ili wamtambue wakimwona peke yake. Gharama yake ni ndogo. Haimo katika mwongozo wowote kwa sababu wanaoujua umuhimu wake hawakuulizwa.

Linganisho hilo linaonekana pia katika fedha. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni utaratibu mwema kwa fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu. Kwa mtu mwenye usonji anayehitaji uangalizi mchana kutwa, mkopo ni jibu la swali ambalo hakuliuliza, na kwa mlezi wake, ambaye tatizo lake ni kukosa saa za kufanya biashara, deni huongeza mzigo. Huenda walezi, wakiulizwa kabla na si baada ya mwongozo kuchapwa, wangeomba nauli ya chombo na ya gari hadi hospitali ya wilaya, au malipo kidogo kwa jirani anayemshika mtoto saa za maji makavu. Huenda wangeomba jambo lisilofikirika kabisa kwa anayeandika kutoka mbali. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza.

Uingereza hutajwa mara nyingi katika mijadala hii, kwa kuwa Sheria ya Usonji ya mwaka 2009 iliweka wajibu kwa mamlaka za mitaa za England, na sehemu nyingi zimeunda mabaraza ambamo watu wazima wenye usonji huketi pamoja na walezi na maofisa. Kuna la kujifunza humo, hasa desturi ya kutuma ajenda mapema, kupunguza kelele na kumruhusu mtu kuandika badala ya kusema. Lakini mabaraza hayo yamejengwa juu ya watu waliokwisha kupimwa na kupewa jina la hali yao, na juu ya ajenda iliyoandikwa. Kuyahamishia Chole kama yalivyo kungekuwa ni kuunda kamati nyingine ya wasemaji. Kinachofaa Chole ni kitu cha kienyeji zaidi: Afisa Ustawi wa Jamii, au mtu wa kijiji aliyefunzwa naye, aketi mkekani nyumbani kwa watu, saa ambayo bahari imejaa na walezi wapo, arudi tena mara ya pili na ya tatu mpaka mwenye usonji amzoee, aandike alichokiona pamoja na alichoambiwa, na awasomee wenyewe kabla ya kukipeleka popote. Faragha ataihitaji sana, kwani katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenziwe, daftari lililoachwa wazi huzaa jina la utani kabla ya magharibi.

Watendaji watasema kwamba hakuna fungu la ziara kama hizo kwa ajili ya watu saba au wanane. Fungu la mikutano lipo, na mikutano hiyo inaandikwa kuwa imewashirikisha hao saba au wanane. Swali la haki ni kama safu ya "walioshirikishwa" katika taarifa ya robo mwaka iendelee kujazwa kwa idadi ya waliohudhuria, au ijazwe kwa kutaja ni shauri gani lililotolewa na ni kifungu gani cha mpango kilichobadilika kwa ajili yake. Safu ya namna ya pili ingebaki tupu kwa muda mrefu, na utupu huo ungekuwa taarifa ya kweli zaidi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, vikapita katani na kufika katika Baraza la Madiwani. Afisa atakayevuka kwenda Chole mwezi Mei, hata awe na nia njema kiasi gani, atakuta mpango umekwisha pitishwa, na kitu pekee atakachoweza kuwafanyia walezi ni kuwajulisha.